Umepewa uinchaji wa ICU? Anzia kwenye rosta: mwongozo kamili wa kuongoza kwa kujitoa

Kama umepewa uinchaji wa ICU, yani kuongoza manesi wa wodi ya wagonjwa mahututi, wiki hii hongera, na pole pia, mana vyote viwili vinakuhusu. Mimi nimekaa kwenye kile kiti miaka mingi hapa Tanga, hospitali sitaitaja, na wadogo zangu kadhaa wameniuliza mtu anaanzaje, hasa yule ambaye jana alikuwa nesi wa zamu kama wenzake afu leo anaambiwa waongoze. Nimeona niandike kwa kirefu, hatua kwa hatua, vile ninavyojua kutokana na kazi yenyewe.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vingine vyote. Ukishakuwa inchaji unapewa vitu vinne: rosta, funguo, sahihi, na sauti ya kuongea na wakubwa. Kujitoa maana yake vitu hivyo vinne vinamfikia mgonjwa na nesi aliyesimama kitandani kabla havijakufikia wewe. Basi. Ukikesha wodini siku saba mfululizo huku rosta umejipangia Idd nyumbani na semina zote unaenda wewe, watu watakuona umechoka lakini hawatakuona umejitoa, na wako sahihi.

HATUA YA KWANZA: ROSTA

Kabla hujafanya kikao cha kujitambulisha, kabla hujabandika tangazo lolote, fungua rosta ya miezi mitatu iliyopita ukae nayo na kalamu. Hesabu kila mtu kaingia usiku mara ngapi, wikiendi ngapi, sikukuu ngapi. Utashangaa. Kuna majina hayaonekani kabisa usiku wa Jumamosi, na kuna mtoto wa watu mmoja, mara nyingi yule mgeni asiye na wa kumsemea, kajaa usiku mwezi mzima. Usimuulize mtu kwa nini, andika tu hesabu zako.

Afu unapanga ya kwako, na jina la kwanza kuandika ni lako, kwenye zile zamu ambazo hakuna anayezitaka. Hapa kwetu Tanga tumeshazoea kwamba Krismasi na Pasaka wanaingia Waislamu, Idd wanaingia Wakristo, na hilo linaenda vizuri bila kelele. Tatizo la Idd ni kwamba rosta inatoka wiki mbili kabla wakati mwezi haujaandama, kwa hiyo kuna ile siku moja ya katikati ambayo haijulikani kama ni Idd au ni thelathini ya Ramadhani, kila mtu anaikimbia mana hawezi kupanga safari ya Pangani wala Lushoto kwa wazee wake. Hiyo siku andika jina lako. Mimi ni Muislamu na hiyo siku nilikuwa naiandika ya kwangu kila mwaka, Idd yangu nakula usiku nikirudi, wanangu walishajua. Mwaka wa kwanza hakuna aliyesema kitu, mwaka wa pili akaja nesi mmoja akaniambia dada mwaka huu nigawie nusu, nitaingia mchana wewe uende kuswali. Sikumuomba.

Ramadhani nayo ina lake. Adhana ya magharibi inakuta zamu ya mchana bado iko kazini, na nesi aliyefunga toka alfajiri anatakiwa afuturu, ila mgonjwa wa ventileta, ile mashine ya kumpumulia, huwezi kumwacha peke yake hata dakika mbili. Nilichokuwa nafanya ni hiki, nawahi kufuturu kwa tende moja na maji pale pale kwenye mlango wa stoo, afu nachukua vitanda viwili viwili, wenyewe wanaenda kunywa uji na kula dakika ishirini, wakirudi nachukua viwili vingine. Wenzetu Wakristo wakaanza kufanya hivohivo bila kuambiwa. Mkisaidiana hivi kwa saa moja tu kila jioni hamna atakayelalamika mwezi mzima.

Mambo mengine ya rosta nayasema harakaharaka. Usimpe mtu usiku zaidi ya mitatu mfululizo kama unaweza. Weka daftari la maombi, kila mtu aandike siku anazotaka kabla ya tarehe fulani, na wewe uandike humo humo kama wao. Jua anapokaa kila mtu, anayetoka Pongwe au Muheza usimmalizishe zamu ya usiku ukamrudisha mchana wa siku hiyo hiyo. Na sheria ya kazi ya 2004 uijue, mjamzito haruhusiwi kupangiwa usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na mama hapangiwi usiku miezi miwili baada ya kujifungua, likizo ya uzazi ni siku 84, akipata mapacha ni 100, na akirudi ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hizo saa mbili zipange kwenye rosta kabisa, usisubiri aje kuomba huku maziwa yamelowesha gauni.

HATUA YA PILI: KUKABIDHIANA ZAMU KITANDANI

Ripoti inatolewa pale pale kwenye kitanda, ya mezani haitoshi. Anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja kwa mgonjwa, wanaangalia wote wawili: tyubu ya kooni imeingia sentimita ngapi usawa wa mdomo, ventileta imewekwaje, dripu gani inakwenda kwa kasi gani, mkojo umetoka kiasi gani kwa saa (mtu mzima mnataka angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa), ngozi ya kiunoni na visigino ikoje, na ndugu wameambiwa nini mpaka sasa. Hilo la mwisho linasahaulika sana.

Wewe inchaji kazi yako hapo ni kukaa miguuni pa kitanda na kusikiliza. Ukikuta mtu amesahau kitu usimkate mbele ya wenzake, muulize tu "na mpira wa mkojo je?", ataendelea mwenyewe.

Afu mnapima vifaa kwa mkono, kila kitanda. Ambu begi, ule mfuko wa kupumulisha kwa mkono, ipo na inapuliza? Sakshen, mashine ya kuvuta makohozi, inavuta? Mtungi wa oksijeni umebaki kiasi gani? Wafundishe wote hesabu ya mtungi, hata mhudumu wa afya. Mtungi mkubwa ukijaa una lita 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza ndani ya saa 11 na kidogo. Geji ikisoma nusu basi una saa tano na nusu hivi, yani ukipokea zamu saa mbili usiku na geji iko nusu, mtungi huo hautafika alfajiri, kwa hiyo wa akiba unatakiwa usogezwe sasa hivi, saa mbili hiyohiyo, wakati lifti inafanya kazi na kijana wa kubeba mitungi bado hajalala.

Umeme ukikatika inchaji aliyepo ndo anashika ambu begi ya mgonjwa mzito kuliko wote. Nasema hivi kwa sababu nimeona viongozi ambao umeme ukikatika wanakimbilia simu. Simu mpe mtu mwingine, ampigie fundi wa jenereta. Wewe pumulisha, pumzi moja kila sekunde sita, hesabu kwa sauti ya chini ili nesi mdogo aliyesimama pembeni asikie na atulie, na yeye mwambie akae na macho kwenye kifua cha mgonjwa na kwenye kioksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Sauti yako ikiwa chini wodi nzima inakuwa chini.

HATUA YA TATU: SHIKA MGONJWA WAKO MWENYEWE

Angalau zamu moja kwa wiki usiwe inchaji, uwe nesi. Chukua mgonjwa mmoja kamili, yule ambaye watu wanaguna wakipangiwa. Mgeuze kila baada ya saa mbili, msafishe mdomo, mlishe kwa mpira, mbadilishe shuka. Kichwa cha kitanda nyanyua nyuzi 30 mpaka 45, presha ya puto la tyubu ya kooni ipimwe iwe kati ya sentimita za maji 20 na 30. Vitabu vya ICU vinasema nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja wa ventileta, au mmoja kwa wawili walio nafuu, na wote tunajua kuna usiku ambao haifiki huko. Ndo maana mkono wako lazima uhesabiwe kwenye idadi, na watu wakipungua mpigie metroni, mkuu wa manesi, kabla zamu haijaanza, uandike kwenye daftari umempigia saa ngapi na kajibu nini, huo ndo ulinzi wa vijana wako baadae kukitokea neno.

Nikupe kitu kimoja kidogo ambacho nilijifunza siku nimeshika mgonjwa mwenyewe. Visigino vilikuwa vinatutoka vidonda, tunageuza, tunapaka, vidonda vinatoka tu. Siku moja nikiwa nimeinama namfunika mzee mmoja nikaona kisigino kinagusa godoro hata baada ya kumgeuza, kinabonyea palepale. Nikamuomba bintiye aliyekuwa nje anipe khanga moja, nikaikunja mara nne afu nikaiviringisha ngumu kama ngata ile ya kubebea ndoo lakini ndefu, nikaiweka chini ya shavu la mguu, si chini ya kisigino, kisigino kikabaki kinaelea, vidole viwili vinapita chini yake. Toka hapo kila kitanda kikawa na khanga zake mbili, zinafuliwa na kuanikwa kama shuka. Ningekaa ofisini nisingeiona hiyo, ningeandika tu kwenye ripoti kwamba vidonda vimeongezeka.

Na kubeba choo cha mgonjwa kisikushinde. Kijana mgeni akikuona inchaji unatoka na bedipani mkononi hutahitaji kumfundisha heshima ya mgonjwa kwa maneno.

HATUA YA NNE: KOSA LIKITOKEA

Hapa nitakaa kidogo mana ndo penye kuvunja watu.

Usiku mmoja saa tisa simu yangu ikaita, nesi wangu analia. Alikuwa anataka kuyeyusha dawa ya unga ya kuchoma, akavuta ampuli akidhani ni maji ya kuyeyushia, kumbe ni potasiamu. Mwenzake aliyekuwa kitanda cha pili akaokota ile ampuli tupu kwenye trei, akasoma, akapiga kelele. Sindano ilikuwa imeshafika kwenye kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, haijasukumwa. Kwa asiyejua, potasiamu inachanganywa kwenye dripu na kuingizwa polepole mgonjwa akiwa kwenye monita, ukiisukuma moja kwa moja mshipani moyo unasimama.

Asubuhi mkubwa mmoja akataka binti aandike barua ya kujieleza. Nikaomba dakika kumi nikaenda kufungua droo. Ampuli za maji na ampuli za potasiamu zilikuwa zimelala pamoja, zote za plastiki, zote nyeupe, zote za mililita kumi, zimepangwa kwa mstari mzuri kabisa. Na aliyezipanga hivyo ni mimi, mwezi uliopita, nilizipanga kwa ukubwa ili droo ionekane nadhifu wakija wakaguzi. Nikarudi nikasema barua nitaandika mimi, na nikaiandika, na kwenye faili langu ipo mpaka leo.

Wazee walisema mkubwa ni jalala, na watu wengi wanaielewa kama uvumilie maneno. Mimi naielewa kwamba taka zikija kwa vijana wako unatakiwa uwe umesimama njiani zikufikie wewe kwanza. Halafu urekebishe. Siku hiyohiyo potasiamu yote ikatoka kwenye droo, ikaingia kwenye kisanduku chake chenye kufuli, tukakizungushia plasta nyekundu, na ikawa sheria kwamba haitoki bila watu wawili kusoma jina kwa sauti. Yule aliyeokota ampuli nilimsifu mbele ya wote, na yule aliyelia nilimpangia zamu na mimi usiku mitatu iliyofuata, sikumsimamia, tulikuwa tunafanya tu kazi pamoja mpaka mkono wake ukaacha kutetemeka.

Kama kosa limemfikia mgonjwa mpangilio ni huu na usiugeuze: mgonjwa kwanza, afu daktari wa zamu aambiwe hapohapo, afu iandikwe kwenye faili kama ilivyotokea bila kupunguza, afu ndugu waambiwe ukweli na wewe ukiwepo, afu ndo unakaa na nesi. Kikao cha nani kakosea kinasubiri. Ukianza na kikao, kosa linalofuata hutaambiwa, litafichwa, na litakuja kuua.

HATUA YA TANO: SEMINA, POSHO NA SIFA

Hii tuongee wazi mana ndo inayovunja wodi kimyakimya. Ikija barua ya mafunzo Dodoma au Dar yenye posho ndani yake, inapitia kwako. Andika orodha ya wauguzi wote, bandika ukutani, mwandike nani kaenda wapi na lini, na jina lako liwe la mwisho kabisa kwenye orodha. Barua ikija anaenda aliye juu anayehusika na mada. Akirudi awafundishe wenzake nusu saa, awe amesimama kwenye mashine yenyewe akiionesha kwa mikono.

Posho za onikoli, zile za kuitwa ukiwa nje ya zamu, na za muda wa ziada fuatilia wewe mpaka dirishani kwa mhasibu, na karatasi za vijana zitangulie ya kwako. Yangu nilikuwa naiweka chini ya bunda. Kuna mwezi pesa iliishia kabla ya kufika kwangu, nikaumia kweli, nina ada za watoto kama wengine, lakini hakuna nesi wangu aliyekosa.

Na sifa: wageni wakija wakasifia wodi, mwite kwa jina aliyefanya. "Hii ya khanga ni mimi" sikuwahi kuisema mbele ya mgeni, nilikuwa nasema ilitokana na binti wa mgonjwa, na ni kweli khanga ilikuwa ya kwake.

HATUA YA SITA: NDUGU WALIO NJE

Pale kwenye benchi kuna watu wametoka Handeni, wametoka Mkinga, wamelala hapo siku ya nne na begi moja. Wapitie mara mbili kwa siku kwa saa zinazojulikana. Anza na shikamoo mzee, shikamoo bibi, kaa chini usawa wao, afu ndo useme habari. Waambie waliyoyaelewa wakurudishie kwa maneno yao.

Taarifa ya kifo usimwachie nesi mdogo peke yake hata siku moja. Nenda naye. Mkae, mseme neno lenyewe, amefariki, mana ukisema "hali imebadilika" bibi atauliza sasa mnampeleka wapi. Halafu nyamaza, waache walie. Wakiwa Waislamu jua kwamba wanataka kuzika leo, kwa hiyo karatasi za kuchukua mwili zianze kushughulikiwa wakati huohuo, usiwazungushe madirisha matatu na jua linakuchwa. Na mgonjwa anapokuwa ukingoni, kama nafasi ipo, ruhusu mmoja aingie amsomee Yasini au padri amwombee, punguza sauti ya alamu, vuta pazia.

Ndugu wakiondoka rudi ndani. Wakusanye waliokuwepo dakika kumi, chai ya tangawizi hata chapati za pale getini, kila mtu aseme kimoja kilichomkaa. Usitoe somo. Angalia ambaye hakusema kitu, huyo ndo umtafute kesho.

HATUA YA SABA: NENDA LIKIZO

Nilichelewa kuijua hii. Miaka yangu mitatu ya mwanzo sikwenda likizo nikijiona najitoa, kumbe msaidizi wangu alikuwa hajawahi kupanga rosta hata moja, hajawahi kuongea na stoo, hajawahi kumpigia metroni. Niliumwa malaria wiki moja wodi ikayumba. Nilikuwa nimewanyima watu kukua nikaita huko ni kujituma.

Siku zako 28 za mwaka zichukue zote. Miezi miwili kabla, mpe msaidizi rosta apange yeye na wewe uikosoe kwa penseli. Mwezi mmoja kabla aende yeye kwenye vikao na wewe ukae nyuma yake. Siku ya mwisho fungua kabati la DDA, lile la dawa kali zinazofungiwa kwa kufuli, mkiwa wawili, hesabuni ampuli moja moja za mofini na pethidini, namba iandikwe kwenye rejista, msaini wote, afu mkabidhi funguo mkononi mwake mbele ya zamu inayoingia. Simu iache wazi kwa dharura ya vifo au moto, mengine mwambie aamue mwenyewe. Ukirudi utakuta amehamisha vitu. Mimi nilikuta mitungi ya akiba imesogezwa karibu na mlango wa vitanda vya ventileta, hatua sita badala ya ishirini, kitu ambacho miaka yote sikukiona. Niliiacha hapohapo.